Mtani Wangu na Kilometa Mia Tatu

Nina ulimi mbaya. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akafika katikati akadhani anasoma habari za mtu mwema aliyeteleza. Sikuteleza. Mimi ni fundi pikipiki, kibanda changu kiko Kimara, hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro, kimetazamana na kijiwe cha bodaboda, na kwa miaka yote niliyokaa pale watu wamekuja kwangu kwa mambo mawili: kufunguliwa injini na kusikia leo nitamsema nani. La pili ndilo nililolifanya kwa moyo.

Niliyemsema kuliko wote alikuwa mtani wangu. Mimi ni Mzaramo, yeye Mnyamwezi wa Tabora aliyeingia mjini kufanya kazi ya ukarani wa ghala, ghala likafungwa, akaishia kwenye bodaboda. Asiyejua utani wetu nimweleze. Wazaramo na Wanyamwezi tunataniana tangu enzi za misafara, na kwa mtani hakuna tusi. Nikimwambia mama yake alimwokota jalalani, ananijibu kwamba wangu aliniokota akanirudisha, kisha tunakunywa chai. Mtani anaweza kuja msibani kwako akajilaza kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe kitu, na wafiwa wakacheka na machozi yao. Kilichokatazwa ni kimoja tu, kukasirika. Anayekasirika ameshindwa, na watu watamcheka mpaka wachoke. Nadhani wazee waliupanga utaratibu huu ili watu wasioaminiana waweze kuishi pamoja. Mimi niliufanya uwanja wa kupigia watu.

Yeye alijua kurudisha, na ndiyo maana nilimpenda. Nampenda hata leo, ingawa neno hilo likitoka kwangu halina thamani kubwa.

Alikuwa na pikipiki ya sisii mia na ishirini na tano, nyekundu, iliyochoka. Ikishuka mteremko bila abiria, huku amelalia tangi kama anayelibembeleza, ilifika tisini, halafu ikaanza kutetemeka vioo. Lakini kichwani mwake mlikuwa na mambo mengine kabisa. Alijua nguvu za farasi za kila pikipiki kubwa inayotoka kiwandani, uzito wake, na kasi yake ya juu kabisa. Alisoma kwenye simu akisubiri abiria, akatazama picha, akaandika kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu. Pikipiki za mashindano hazikumsisimua. Alitaka zile za dukani, zinazouzwa na taa na sehemu ya kufungia namba. Alisema hizo ndizo zinaonyesha dunia imefika wapi, kwa sababu anauziwa mtu yeyote, hata mpumbavu kama mimi.

Alitufundisha, tukitaka tusitake. Alituambia kwamba zamani kidogo viwanda vikubwa viliogopa serikali zisije zikapiga marufuku pikipiki zao, vikakubaliana kimyakimya kuishia kilometa mia tatu kwa saa. Ndiyo maana kwenye dashibodi za mashine hizo utaona namba zinaishia mia mbili tisini na tisa, na baada ya hapo mshale hauna pa kwenda hata kama injini bado ina hamu. Hilo lilimuuma kweli. Alilisema kama mtu anayesimulia ndugu yake alivyodhulumiwa shamba. Kisha alitupa utabiri wake. Uzio wa mia tatu utavunjwa, alisema, na hautavunjwa na petroli. Utavunjwa na umeme, kwa sababu mota haivuti pumzi na haingojei gia, nguvu yake yote iko pale pale mara tu unapozungusha mkono. Aliniambia iko siku pikipiki za dukani zitachajiwa kwa umeme wa gesi unaozalishwa hapa hapa Kinyerezi, na mafundi wa kabureta kama mimi tutarudi Kisarawe kukaanga korosho. Nilimjibu kwamba siku hiyo yeye atakuwa anasukuma mkokoteni, kazi waliyoiacha babu zake walipofika pwani na mizigo ya watu vichwani. Kijiwe kizima kilicheka, na yeye alicheka kuliko wote.

Lakini kuna jambo alilisema siku moja bila mzaha, nami nikalikamata. Alisema injini haijafika mwisho, aliyefika mwisho ni mtu. Ukifika mia tatu, alisema, pembeni panafutika. Miti, nyumba, watu, vyote vinakuwa ukungu, unabaki na kishimo kimoja kidogo mbele yako, na ndani ya kishimo hicho ndimo barabara ilimo. Hakuna kiwanda kitakachotengeneza macho. Mimi niliyaweka maneno hayo akiba, maana niliona yanafaa, sikujua kwa lipi.

Yalifaa mwaka huo huo, wakati wa masika.

Kwanza alivunja kioo cha kulia cha pikipiki yake kwenye nguzo ya kibanda cha muuza chipsi. Nikamfungia kingine. Baada ya wiki mbili akakivunja hicho kwenye ubavu wa gari lililoegeshwa, mchana kweupe, gari jeupe. Nikamfungia cha tatu nikimuuliza kama kwao Tabora wanaoana na nguzo. Halafu akapiga ndoo ya mama mmoja aliyekuwa akitembea kando ya barabara, maji yakamwagika, na mtani akabaki ameduwaa akijiuliza yule mama ametokea wapi. Alianza pia kugeuza kichwa kizima kila alipotaka kutazama kitu, mara huku mara kule, kama kuku anayetafuta punje. Nilikuwa naigiza ugeuzaji huo mbele ya watu. Niliuigiza vizuri mno.

Siku ya Ijumaa, saa ya swala, kijiwe kikiwa kitupu kwa sababu wengi walikuwa msikitini na waliobaki walipata abiria, alikuja kibandani peke yake. Mimi nilipaswa kuwa msikitini pia, lakini nilikuwa na kabureta iliyonikataa tangu asubuhi. Yeye alijua kwamba nitakuwepo, na alijua kwamba hakutakuwa na mwingine. Aliichagua saa hiyo. Alikaa kwenye benchi, akashika kofia yake ngumu kwa mikono miwili mapajani.

"Mtani, macho yangu yanazima kwa pembeni," alisema. "Katikati naona, pembeni giza. Kuna sista nesi nilimbeba juzi, kaniambia niende nikapime presha ya macho haraka, hiyo kitu haisubiri. Nikienda watanikataza kuendesha. Nisipoenda sijui. We unasemaje?"

Nilimwangalia. Nataka ieleweke kwamba nilimwangalia vizuri. Hakuwa na cheko hata chembe usoni, na vidole vyake vilikuwa vinasugua ukingo wa ile kofia. Mtu huyu hakuwa na baba, kaka zake walikuwa Tabora, mkewe alikuwa hajamwambia. Alikuwa amekuja kwangu aambiwe neno moja, nenda. Nililijua hilo neno. Lilikuwa mdomoni. Lakini mbele yake lilikaa lingine, tamu zaidi, nililoliweka akiba tangu siku ile ya kishimo.

"Si ulisema mwenyewe mtu akifika mia tatu pembeni panafutika?" nilimwambia. "Basi hongera mtani. Umefika, tena na kipikipiki cha mia na ishirini na tano."

Aliacha kusugua ukingo wa kofia. Kisha akacheka, kicheko kamili cha kutupa kichwa nyuma, kwa sababu sheria ni hiyo na yeye hakuwa mtu wa kuivunja. Akavaa kofia yake akaondoka. Mimi niliona fahari. Wenzangu waliporudi kutoka swala, hata kanzu hawajavua, nilikuwa nimeshawasimulia.

Kuanzia hapo wakawa wanamwita kwa namba. Akitokea kwenye kona wanapaza sauti, jamani pisheni, mia tatu hiyo inapita. Akijikwaa kwenye jiwe, mtu anauliza breki za mia tatu zinashika baada ya mita ngapi. Yeye mwenyewe aliuchukua utani huo akauongezea, kama inavyotakiwa. Akapunguza masomo yake ya nguvu za farasi na kuanza kusimulia jinsi mtu anavyoona akiwa kwenye kasi hiyo, kana kwamba anatoka safari. Mara mbili nilimwona asubuhi amevaa shati safi la mikono mirefu, lile la kanisani, nikajua anaelekea hospitali. Mara zote mbili mtu alimuuliza kama anakwenda kupimwa spidi. Mara zote mbili alivua shati hilo, akalikunja, akaliweka chini ya kiti cha pikipiki, akabeba abiria.

Mimi ndiye niliyemuuliza mara ya pili.

Mkewe alikuja kibandani mwishoni mwa kiangazi. Ni mwanamke mfupi, mshona nguo, mwenye sindano kifuani mwa gauni saa zote. Nilikuwa nimezoea kumtania naye, nikafungua mdomo, akaninyanyulia kiganja.

"Shemeji, leo sikuja kutaniwa," alisema. "Nyumbani anapapasa sahani. Anakanyaga watoto. Nikimwambia aende hospitali anasema mambo ya macho ni stori za kijiweni. Wewe ndiye anayekusikiliza. Mwambie aende."

Nikamwahidi. Na nilitimiza, hilo sitajinyima, ila nisikilizwe nilivyotimiza. Nilimsubiri jioni alipokuja kuongeza upepo kwenye tairi, nikatafuta namna ya kuanza. Miaka kumi na mmoja nilikuwa sijamwambia mtu huyu sentensi moja isiyo na mzaha. Sikujua sauti ya namna hiyo inatokea wapi. Nikasema kwa sauti ile ile ya siku zote: nenda hospitali, mtani, kabla hatujakuokota mtaroni na bei ya Wanyamwezi ilivyoshuka. Akacheka. Akanijibu kwamba Mzaramo akikuhurumia kagua mfuko wako. Nikasema tena, nakwambia kweli, nenda. Akacheka zaidi, akanisifu kwamba siku hizi naigiza hata huruma. Nilirudia mara ya tatu na nikaona anaifurahia mara ya tatu kuliko zile mbili. Nikaacha. Ningeweza kufunga kibanda, nikamshika mkono, nikampakia kwenye bajaji. Ningeweza kulia, pengine angestuka. Sikufanya hata moja, kwa sababu kijiwe kilikuwa kinatazama, na mtu angeniona nalia mbele ya mtani wangu ningeshindwa mimi.

Vuli ilipoanza aligonga bajaji iliyokuwa ikitoka upande wake wa kulia. Hakuiona kabisa. Abiria wake, mzee mmoja, alichubuka viwiko tu, yeye akateguka kifundo cha mguu. Watu wakataka kumpiga kwa kudhani amelewa. Akasema kwa utulivu kwamba haoni, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, kuna watu walioamini.

Nilimpeleka mimi. Mkewe alikaa upande mmoja wa benchi la hospitali, mimi upande mwingine. Daktari alikuwa dada mdogo tu, mwenye sauti ya taratibu. Alipima, akapima tena, akamwambia jicho la kulia limeshakwenda na la kushoto limebakiza kidogo katikati. Kilichokufa hakirudi, alisema, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo sana. Alimuuliza ilianza lini. Tangu masika, mtani akamjibu. Daktari akauliza mbona hakuja wakati ule, wakati ule palikuwa na kitu kikubwa cha kulindwa.

Mtani wangu alifikiri. Niliona anafikiri, na sitasahau nilivyokaa pale nikiwa nimekaza meno.

"Nilikuwa nachekesha watu, daktari," alisema.

Mkewe hakunitazama. Ningefurahi kama angenitazama.

Jicho la kushoto halikufika masika yaliyofuata. Pikipiki nyekundu ilikwenda kwa mtu wa Mbezi, na yeye akahamia kwenye benchi la kibanda changu. Mkewe alimleta asubuhi, akamfuata saa ya chakula. Nilijiambia kwamba ninamsaidia kwa kumpa pa kukaa. Kusema kweli alikuwa ananisaidia yeye, maana alisikia kwenye injini mambo ambayo mimi nilihitaji kufungua ili niyaone. Mtu akija na pikipiki inayogonga, yeye anainamisha kichwa, anasema vali ya nje, au anasema cheni ya ndani imelegea, na mimi nikifungua nakuta hivyo. Wateja wakaongezeka. Utani nao uliendelea. Nilidhani nikiuacha ataona namhurumia, na watu wa kijiweni walidhani vivyo hivyo, kwa hiyo hatukumpa hata siku moja ya kupumzika. Tulimpungia mikono mbele ya uso. Tulimwonyesha picha kwenye simu tukamwomba maoni. Alicheka kila mara.

Habari za pikipiki hakuacha. Mkewe alimsomea usiku, yeye akatuletea asubuhi. Zimeanza kutoka za umeme zenye nguvu za farasi kupita zile za petroli, alisema, ila betri ndiyo bado nzito, na mtu akikimbia nayo kwa kasi ya juu inakwisha kabla hajafurahi. Siku betri ikiwa nyepesi, uzio umekwenda. Alisema pia kwamba mashine za kesho zitakuwa na vyombo vya kuona barabara zenyewe, zitaona pembeni, nyuma na gizani, na mwenye kuendesha atabaki kama mzigo tu. Nilimwambia hiyo ndiyo pikipiki ya Mnyamwezi, amerudi kuwa mzigo baada ya kubeba mizigo. Watu wakaanguka kwa kicheko.

Kisha ikaletwa ile kubwa.

Mwenyewe ni bwana mmoja anayeishi Kinyerezi, mtu wa safari za nje. Alitaka nibadilishe cheni na spoketi, nisafishe breki, halafu niijaribu barabarani kabla hajaifuata. Pikipiki ya sisii elfu moja, nyeusi, ya dukani kabisa, na taa zake na sehemu ya namba. Kwenye dashibodi namba zinaishia pale pale alipotufundisha. Nilipomwambia mtani ni mashine gani, alisimama. Akaipapasa kuanzia taa ya mbele mpaka mkia, taratibu, akahesabu mabomba ya moshi yanayotoka kwenye silinda kwa kidole, akaweka kiganja kwenye tangi na kukiacha hapo. Alitaja nguvu zake za farasi kwa kichwa. Akaniambia nimpakie nyuma.

Nilikataa. Akaniomba siku tatu mfululizo, na hajawahi kuniomba kitu maishani. Alisema hataki mia tatu, mia tatu ni ya wenye macho. Alitaka mia mbili na arobaini, mara moja tu, ili kifua chake kijue alichokuwa anakisoma kwenye daftari miaka yote. Siku ya nne nikakubali.

Tulikwenda Jumapili asubuhi, nikaelekea Kinyerezi, kwenye kile kipande cha lami kilichonyooka upande wa mitambo ya gesi. Wakati huo magari ni machache. Alinikumbatia kiunoni, na nilihisi moyo wake ukigonga mgongoni kwangu. Hapa lazima niseme jambo ambalo kijiwe hakikulijua. Mimi ni mwoga wa mwendo. Nimefungua mamia ya injini, nimewaongezea vijana kasi kwa mikono hii, na sijawahi kupita mia moja na kumi maishani mwangu. Nilipozungusha mkono wa ile mashine mara ya kwanza ilivuta kama inayotaka kunitoka chini ya makalio. Nilijua pale pale kwamba mia mbili na arobaini sitaifikia, wala nusu yake.

Basi nikafanya ufundi. Niliiacha kwenye gia ya kwanza. Mashine kubwa kama ile, ukiiacha gia ya kwanza na kuivutia mafuta, inalia kilio cha kupasua masikio huku mwendo ni wa kawaida tu. Nikaizungusha mpaka themanini na tano, ikawa inapiga kelele kama dunia inakwisha, upepo ukatupiga, na mimi nikageuza shingo nikampigia kelele: mia na tisini. Kisha: mia mbili na ishirini. Kisha, mshale ukiwa pale pale kwenye themanini na tano: mia mbili arobaini, mtani. Alinibana zaidi. Nikahisi anatikisika, nikajua analia. Nikapunguza mwendo na kugeuza, na njiani kurudi nilijisikia vizuri. Nilijiambia nimempa alichotaka bila kumuua. Nilijiona mtu mzuri, na naikumbuka ladha yake kwa sababu haikudumu nusu saa.

Tuliporudi kijiwe kilikuwa kimejaa, na mkewe alikuwa anamsubiri kwenye benchi na nguo zake za kanisani. Mtani alishuka, akavua kofia, uso umelowa. Akawaambia wote, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu macho yake yaanze kufa, kwamba amefika mia mbili na arobaini. Akawaeleza upepo unavyogeuka kuwa kitu kigumu. Akaeleza kifua kinavyobanwa. Watu walimsikiliza vizuri kweli, hata wale wagumu, na mkewe alitabasamu, jambo ambalo halikuwa la kila siku. Halafu mmoja wao akanigeukia akaniuliza kama ni kweli, kwa sababu barabara ile ina matuta na yeye anaijua.

Nilichotakiwa kusema kilikuwa silabi mbili. Ndiyo. Hakuna aliyekuwa na ushahidi. Mashine ilikuwa pale, imezimwa, haisemi. Lakini niliwaona wote wamenigeukia, midomo imeshaanza kufunguka kwa kicheko wanachokingoja, kama wanavyoningoja kila siku, na mzaha ulikuwa umekaa pale wazi mbele yangu. Sijawahi katika maisha yangu kuuacha mzaha ukapita.

"Themanini na tano," nilisema. "Na bado alikuwa analia."

Kijiwe kilivunjika kwa kicheko. Kuna aliyekaa chini kabisa akijishika mbavu. Kuna aliyesema abiria wa Mbezi wanapelekwa kasi zaidi ya hiyo wakiwa na magunia. Mkewe alisimama, sindano ikimetameta kifuani hata kwenye gauni la kanisani, akatazama chini. Na mimi nilikuwa nacheka nao, nikingoja kicheko chake kiingie, kwa sababu siku zote kinaingia.

Hakucheka. Hakukasirika pia. Alingoja wamalize, kama mtu anayengoja lori lipite ndipo avuke.

"Nilijua," alisema. "Hukubadilisha gia hata mara moja. Mie siyo kiziwi, themanini naijua kwa kifua, nimeiendesha miaka yote. Nilipolia nilikuwa nalia kwa sababu umeogopa kuendelea kunikataa usoni."

Alinyoosha mkono hewani, mkewe akaushika.

"Nikawaambia hawa mia mbili arobaini ili na wewe uwe na jambo moja jema ulilonifanyia," alisema. "Moja tu. Nilikuwa nakutafutia."

Akageuka, wakaondoka polepole, yeye akiweka mguu mahali mkewe alipomwambia aweke. Ilikuwa zamu yangu kujibu, na kijiwe kizima kilikuwa kinanitazama, kikisubiri.